Malisho Yakikatwa Vipande, Kaboni Haikai Ardhini

Kila mwaka, mvua za vuli zikishanyesha huko juu Ukambani na upepo wa kaskazi ukaanza kushika, bahari ya Malindi hubadilika rangi. Tope linalotoka mlango wa Sabaki, mto uleule unaoitwa Athi huko bara, husukumwa kusini, likapita mbele ya mji na kufika hadi kwenye hifadhi ya bahari. Upepo ukigeuka kusi, tope hilo huelekea Mamburui na ufuo wetu hupata nafuu. Wenye hoteli hulalamikia rangi ya maji, wavuvi hulalamika kwamba samaki wamehama, na mafundi wa visima vya Baricho, vinavyotunywesha sisi pamoja na Kilifi na Mombasa, huhangaika na mto uliofura. Malalamiko yote hayo ni ya haki. Lakini ni nadra kusikia mtu akiuliza kilichomo ndani ya tope lile. Mna mboji, na mboji hiyo ni kaboni iliyokuwa imetulia miaka mingi chini ya nyasi na mashamba ya bara.

Matumbawe ya Malindi yametunza kumbukumbu ya jambo hili. Tumbawe hukua polepole, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka hubeba alama ya maji ya mwaka wake. Chembe za udongo zikiingia kwenye maji ya chumvi huachia madini ya bariamu, na tumbawe huyanyonya. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza tumbawe moja la hapa Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Tangu 1700 hadi karibu 1900 kiwango cha bariamu karibu hakikubadilika. Katika karne hizo mbili ukame ulikuja ukaondoka, mafuriko yalikuja yakaondoka, na mifugo ilikuwepo bara muda wote. Baada ya hapo kiwango kinaanza kupanda, na kinaendelea kupanda karne ya ishirini inavyosonga.

Jua halikuanza kuwaka mwaka 1900, wala ng'ombe hawakuletwa mwaka huo. Kilichobadilika ni ardhi kugawanywa. Serikali ya kikoloni iliwatengea walowezi sehemu nzuri za Ukambani, vilima vya Mua vikiwemo, ikawawekea Wakamba vikwazo vya kulisha kwenye nyanda za Yatta, kisha ikawabana ndani ya mipaka ya hifadhi yao. Mifugo iliyokuwa ikihama kufuata mvua ikalazimika kula mahali pamoja mwaka mzima. Kufikia miaka ya 1930 miteremko ya Machakos ilikuwa imechanika kwa makorongo, na maofisa wakatoa hukumu yao: ng'ombe ni wengi mno. Mwaka 1938 wakaanza kuwauza kwa nguvu, wakati uleule ambapo kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kinafunguliwa Athi River. Wakamba kwa mamia, wanaume, wanawake na watoto, wakaenda Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa huko wiki kadhaa wakitaka kuonana na gavana. Serikali ililegeza amri ile, lakini Mbingu alikamatwa na kupelekwa kizuizini. Walimpeleka Lamu. Mtu aliyetetea malisho ya chanzo cha mto wetu alifungiwa kwenye pwani hiihii unakoishia udongo wa malisho hayo.

Nayarejea hayo kwa sababu kosa lililofanywa wakati ule linafanywa tena leo, safari hii kwa lugha ya tabianchi. Msimamo wangu ni huu: kaboni ya malisho hukaa ardhini pale mifugo inapopata nafasi ya kuhama na nyasi zinapopata muda wa kupumzika, na hutoka pale ardhi inapokatwa vipande. Idadi ya ng'ombe ni swali la pili. Kutoka Magarini kaunti ya Kilifi hadi Hindi kule Lamu tunaikata ardhi hiyo kwa hati za ranchi, skimu za makazi, uzio, barabara na sasa mikataba ya kuuza hewa ya kaboni, kisha tunashangaa kwa nini udongo unachoka.

Msitu huonyesha utajiri wake kwa macho, lakini mbuga huuficha chini. Kwa makadirio ya wanasayansi, udongo wa dunia una takribani tani bilioni 1,500 za kaboni ya mboji katika mita moja ya juu, ilhali hewa yote inayotuzunguka ina tani bilioni 880 hivi. Na nyika na mbuga za nyasi zimefunika karibu asilimia 40 ya nchi kavu, ukiondoa Greenland na Antaktika. Ndiyo maana mtu anayetazama nyika ya Galana kutoka dirisha la basi na kuona ardhi tupu amekosea kwa kiasi kikubwa sana.

Kaboni huingia humo kwa njia ya mizizi. Jani la nyasi hunasa hewa ya ukaa, likatengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo hushushwa chini. Mizizi hutoa utomvu, hufa na kuota tena, na viumbe vidogo vya udongoni hula vyote viwili. Sehemu ya chakula hicho hurudi hewani kwa pumzi zao. Sehemu nyingine hugandamana na chembe za mfinyanzi, au hujificha ndani ya mabonge madogo ya udongo ambamo viumbe hao hawaifikii kwa urahisi. Hiyo ndiyo inayoweza kukaa miongo, hata karne.

Hapo mazingira yana neno kubwa kuliko binadamu yeyote. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa delta ya Tana unaweza kuishika mboji vizuri. Udongo mwekundu wa kichanga wa Magarini hushika mboji kama pakacha linavyoshika maji. Mvua huamua nyasi zitaota kiasi gani, na joto huamua viumbe wa udongoni watazila kwa kasi gani. Mtu akija na jedwali la kaboni lililotengenezwa kwa udongo wa Laikipia au wa Australia, akaliweka juu ya kichanga cha pwani, ametudanganya hata kama hakukusudia. Mazingira huweka kikomo cha juu. Utunzaji wa ardhi huamua tuko karibu au mbali kiasi gani na kikomo hicho.

Kuna kisa cha kisayansi cha hapahapa Kenya kinachoeleza namna ardhi iliyo uchi inavyopoteza. Mwaka 1958 H. F. Birch, aliyekuwa akifanya utafiti Muguga karibu na Nairobi, alichapisha uchunguzi wake kuhusu udongo uliokauka sana kisha ukalowanishwa. Viumbe vya udongoni huamka kwa ghafla, hula mboji kwa kasi, na hutoa wingi wa hewa ya ukaa kwa siku chache, pamoja na naitrojeni. Mkulima wa Kigiriama anajua tangu zamani kwamba mahindi yanayopandwa na mvua ya kwanza huwahi na kushinda ya jirani aliyechelewa. Naitrojeni ile ni sehemu ya sababu. Penye nyasi, mizizi hai hudaka utajiri huo na kuurudisha mzungukoni. Pasipo na nyasi, kaboni hupanda hewani na kinachobaki huoshwa na maji. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini, kisha mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zikapiga ardhi iliyokuwa uchi. Kwa maoni yangu, hakuna tukio la karibuni lililoonyesha wazi zaidi kwa nini tunahitaji nyasi ardhini kabla ya mvua kufika.

Sasa tuje kwa ng'ombe, maana hapo ndipo watu wengi hutoa hukumu haraka. Mwaka 2013 McSherry na Ritchie walikusanya tafiti kutoka mbuga mbalimbali za dunia na kuona kwamba athari ya malisho hutegemea aina ya nyasi. Katika mbuga za nchi za baridi, kulisha kwa nguvu kulipunguza kaboni ya udongo. Katika mbuga zenye nyasi za nchi za joto, zile zinazotumia usanisinuru wa aina ya C4 kama nyasi nyingi za nyika yetu, kulisha kuliendana na ongezeko la asilimia 6 hadi 7 kwa wastani. Nyasi hizi zimeishi na midomo ya wanyama kwa mamilioni ya miaka, na zikiumwa na kupewa muda hujibu kwa kutoa mizizi mingi zaidi. Wastani huo hauruhusu kila kitu. Nyasi inayoumwa kila siku, wiki baada ya wiki, haipati nafasi ya kujenga mzizi. Hula akiba yake mpaka ikafa, na mahali pake huingia miiba na magugu. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni muda wa kupumzika, na muda huo hutokana na mfugaji kuwa na mahali pengine pa kwenda.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote unatoka Narok. Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha kazi ya wanaakiolojia waliochimba maboma ya wafugaji wa kale kusini-magharibi mwa Kenya, mengine yenye umri wa zaidi ya miaka 3,000. Samadi iliyoachwa na ng'ombe, mbuzi na kondoo wa watu wale bado inarutubisha ardhi leo, na mahali palipokuwa na maboma yao pamebaki uwanda wa nyasi bora unaovutia wanyama wa porini. Walilala pale, wakahama, wakaacha rutuba. Laiti wangezungushiwa uzio wakabanwa mahali pamoja kama Wakamba wa miaka ya 1930, sidhani wangeacha kitu cha kuchimbuliwa isipokuwa korongo.

Moto nao tuuseme, kwa sababu pwani tunauzoea mno. Mfugaji huchoma nyasi kuukuu ili zichipue mpya na kupe wapungue. Mkulima huchoma kichaka ili apate shamba la simsim au mahindi. Mara moja baada ya miaka kadhaa, mbuga hustahimili, na pengine huhitaji, maana bila moto wala malisho vichaka hufunga. Lakini uchambuzi wa majaribio ya muda mrefu uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba baada ya miaka 64 ya kuchomwa mara kwa mara, udongo wa maeneo yaliyochomwa, nyika na mbuga zikiwemo, ulikuwa na kaboni pungufu kwa asilimia 36 kuliko ule uliokingwa na moto, na naitrojeni pungufu kwa asilimia 38. Naitrojeni ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa kuwa ikipungua nyasi zenyewe hudhoofika, na mwaka unaofuata kuna kidogo zaidi cha kurudisha ardhini.

Bara la Lamu linafaa kutazamwa kwa makini hapa. Kiangazi kikizidi, ng'ombe wa Waorma na Wasomali kutoka Tana River na Garissa huteremka kuelekea Witu, Mkunumbi, Hindi na Ziwa Kenyatta kule Mpeketoni. Mvua zikija, mbung'o huongezeka vichakani na wafugaji huondoka wenyewe kabla mifugo haijaambukizwa nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o hao. Kwa vizazi vingi mpangilio huo uliipa nyasi ya Lamu likizo katika msimu ambao inaihitaji zaidi, yaani wakati wa kukua. Hapakuwa na mshauri wala mtambo wa setilaiti. Ulikuwa ni mwendo wa mifugo ukifuata mvua na wadudu, na wazee waliokubaliana nani apite wapi.

Mwendo huo ndio unaokatwa. Tangu skimu ya Ziwa Kenyatta ya miaka ya 1970, mashamba yameendelea kuzunguka maji. Ranchi zimepimwa na kugawiwa. Bandari ya Lamu ilizinduliwa rasmi Mei 2021, na ukanda wa LAPSSET, mradi wa barabara, reli na bomba la mafuta kutoka bandari hiyo, unapaswa kukata nchi kutoka Kililana kwenda bara. Sipingi bandari, na mkulima wa Mpeketoni ana haki ya shamba lake kama mfugaji alivyo na haki ya maji. Ninachopinga ni kuchora mistari hii yote bila kuchora njia za mifugo. Ng'ombe waliofungiwa njia hawatoweki. Hujazana kwenye kipande kilichobaki, na kipande hicho hugeuka vumbi. Kisha watu hupigana, na sote tunajua damu iliyomwagika delta ya Tana mwaka 2012.

Upande wetu wa Malindi historia ni ileile kwa sura nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ulianza mradi wa makazi wa Magarini kwa msaada wa Australia. Vichaka vilifyekwa kupisha kilimo cha nchi kavu juu ya udongo ambao hauwezi kubeba mazao mwaka baada ya mwaka, na wafadhili waliondoka bila matunda yaliyoahidiwa. Mwaka 2014 ikaja Galana-Kulalu, ikianza na shamba la mfano la ekari 10,000 huku ndoto ikiwa ekari milioni moja. Katika mipango yote miwili nyika ilihesabiwa kama nafasi iliyokuwa ikisubiri kutumiwa. Kaboni iliyokuwemo, na malisho yaliyokuwa yakiilinda, havikuwa na safu kwenye hesabu.

Basi tuviweke kwenye hesabu. Uchambuzi wa Guo na Gifford wa mwaka 2002, uliokusanya tafiti nyingi za dunia, ulionyesha kwamba malisho yakigeuzwa shamba la kulima, udongo hupoteza wastani wa asilimia 59 ya kaboni yake. Kwa upande wa faida, FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, katika tathmini yake ya mwaka 2023 lilitaja uwezekano wa kuongeza tani 0.3 za kaboni kwa hekta kwa mwaka, katika sentimita 30 za juu, pale utunzaji unapoboreshwa. Chukua mfano wa hekta moja ya malisho yenye tani 30. Ukiilima, kwa wastani ule, utapoteza karibu tani 18. Ukitaka kuzirudisha kwa mwendo wa tani 0.3 kwa mwaka, utahitaji karibu miaka 60, na hiyo ni kama ukame haukukukatiza njiani na kama udongo haujafika kikomo chake mapema. Wastani wa dunia hauwezi kutabiri hekta moja ya Marafa, na kichanga kinaweza kwenda tofauti na mfinyanzi. Hata hivyo mwelekeo hauna utata: kupoteza ni haraka, kurudisha ni safari ya maisha ya mtu. Kazi ya kwanza ya kaunti za Kilifi na Lamu ingepaswa kuwa kulinda kilichopo. Hata hivyo fedha, semina na hotuba zote zinaelekea kwenye kuongeza.

Sehemu ya hotuba hizo ni miti. Serikali imeweka lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, na maofisa wanaotafuta mahali pa kuipanda huona nyika kwanza. Mikoko ipandwe; Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya na palipokatwa panahitaji kurudishiwa. Miti ipandwe mashambani na mitaani. Lakini uchambuzi uleule wa 2002 ulionyesha kwamba malisho yakigeuzwa shamba la miti, kaboni ya udongo ilishuka kwa wastani wa asilimia 10, hasa pale ilipopandwa misonobari. Kufunika nyika ya Magarini kwa mistari ya mivinje ili kutimiza idadi ni kuchukua mali iliyoko chini na kuiweka juu, mahali ambapo moto mmoja au shoka moja litaimaliza. Mathenge imetufundisha somo jirani na hilo kule Tana River na Baringo: mti ulioletwa kuokoa ardhi kame, mbegu zake zikamezwa na mifugo, zikaenezwa kwa mavi yao, ukafunga malisho. Tafiti za Baringo zinaonyesha kwamba kurudisha nyasi kwenye ardhi iliyochakaa hurudisha kaboni pia, na nyasi hizo ng'ombe anazila.

Inabaki biashara ya hewa ya kaboni, ambamo kampuni hununua krediti, yaani vyeti vya kaboni inayosemekana kuhifadhiwa ardhini, ili kufidia moshi wao. Mradi uliotangulia na ulio mkubwa zaidi wa kaboni ya malisho nchini ni ule wa Northern Rangelands Trust, shirika linalosimamia hifadhi za jamii, ulioanza kuhesabiwa mwaka 2013 kwenye takribani hekta milioni 1.9 za kaskazini mwa Kenya. Kampuni kama Netflix na Meta zilinunua krediti zake. Hoja yake ilikuwa kwamba malisho yaliyokuwa hayapangwi yatapangwa kwa mzunguko, nyasi zitapona, udongo utapata kaboni. Mwaka 2023 Survival International, shirika la kutetea haki za jamii za asili, ilitoa ripoti ikisema hoja hiyo inapuuza utaratibu wa malisho ambao Waborana na wenzao walikuwa nao tangu zamani, na kwamba vipimo havithibitishi kinachouzwa. Mradi ukasimamishwa na Verra, shirika linaloidhinisha krediti hizo, kwa mapitio, ukaruhusiwa tena. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo ikaamua kwamba baadhi ya hifadhi za jamii zilizomo ziliundwa bila kufuata sheria na bila wananchi kushirikishwa ipasavyo, na mwaka huohuo Verra ikausimamisha tena.

Wako wanaosema huo ni ugomvi wa kaskazini. Sikubaliani nao. Udongo wenyewe ulikuwa umewekwa mikononi mwa wasiojua ulivyotunzwa. Dhana kwamba wafugaji hawana mpango ni dhana ya 1938, na mradi wa kaboni uliojengwa juu yake unaweza kuvunja mwendo uleule unaolinda kaboni, kwa kuufunga ndani ya ramani na ratiba. Mvua haifuati ratiba. Mwaka ambao Hindi imepata mvua na Witu haikupata, mzunguko uliopangwa ofisini unamlazimisha mfugaji kuchagua kati ya mkataba na ng'ombe wake. Atachagua ng'ombe, na atakuwa sahihi.

Kisha kuna kipimo, na hapa naomba msomaji avumilie kidogo kwa sababu hela nyingi hupotelea kwenye mambo haya madogo. Sehemu kubwa ya ukanda wetu karibu na bahari imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huo ni chokaa, yaani una kaboni ndani yake. Maabara ikichoma sampuli ya udongo bila kwanza kuiondolea chokaa kwa asidi, itahesabu jiwe la matumbawe pamoja na mboji, na ranchi ya ufuoni itaonekana tajiri kupita delta. Kwato nazo hushindilia udongo. Ukichota sentimita 30 zilezile baada ya miaka mitano ya ng'ombe wengi, umechota udongo mzito zaidi, na kaboni itaonekana imeongezeka hata kama hakuna gramu iliyoingia. Asiyepima uzito wa udongo pamoja na kaboni hajapima kitu. Na katika mfano wetu wa tani 30 kwa hekta, ongezeko la tani 0.3 kwa mwaka ni sehemu moja katika mia, wakati mashimo mawili yaliyochimbwa hatua chache mbalimbali yanaweza kutofautiana kuliko hivyo. Ongezeko la kweli huonekana baada ya miaka mingi na mashimo mengi. Anayeahidi malipo ya kila mwaka tangu mwaka wa kwanza anauza makadirio ya kompyuta.

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilirekebishwa mwaka 2023, na sasa mradi wa ardhi unatakiwa kuipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, chini ya makubaliano ya maendeleo ya jamii yaliyosajiliwa. Ni hatua nzuri. Lakini jamii ambayo haijasajiliwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 itapokea asilimia hiyo kwa jina la nani? Bara la Lamu, Waboni wa Basuba na Waorma wa Witu wametumia ardhi hiyo vizazi na vizazi, na sehemu kubwa yake haina hati kwa jina lao. Mkataba wa miaka 30 ukitangulia usajili, aliyeshika kalamu ndiye atakuwa mwenye ardhi.

Kwa hiyo naziomba serikali za Kilifi na Lamu, kabla ya kupitisha mpango wowote wa matumizi ya ardhi, zichore malisho kama matumizi ya ardhi yenye hadhi sawa na shamba na mji. Zichore njia za mifugo na malka za kuteremkia maji, upana wake na misimu yake, kwa kukaa chini na wazee wa Kiorma, Kisomali, Kiboni, Kipokomo na Kigiriama pamoja na wakulima wa Mpeketoni na Hindi. Ranchi isigawanywe vipande mpaka bunge la kaunti lioneshwe mifugo itapita wapi mwaka wa ukame. Kilifi iende pia mezani na Machakos, Makueni na kaunti nyingine za bonde la Athi, kwa kuwa hakuna kazi ya udongo tutakayofanya Malindi itakayosafisha mlango wa Sabaki ikiwa chanzo kinabomoka. Vikundi vya mwethya, yaani vya kazi ya ushirika, vilivyochimba matuta Ukambani vilifanya kazi iliyotufaa sisi huku chini bila sisi kuwalipa chochote.

Na kwa wajumbe wa kamati za ranchi watakaotembelewa na kampuni ya kaboni: mna haki ya kuuliza maabara ipi itapima na kama itaondoa chokaa, nani atabeba hasara ukame ukirudisha kaboni hewani, mifugo ya majirani itapita wapi mkataba ukishasainiwa, na nani anaweza kuuvunja na kwa muda gani. Ombeni majibu hayo kwa Kiswahili na kwa maandishi, yasomwe barazani mbele ya wanaolisha mifugo pale. Wakikataa, msisaini.